Delmar Ndani ya Plastiki

"Mnayo hata moja ambayo jina lake limeandikwa lote?"

Niliwauliza hivyo wazee wa benchi Jumamosi moja ya Oktoba, kabla hata sijakaa, na hakuna aliyenijibu. Walisikia. Kijiwe kile kinasikia mpaka bei ya maziwa ikipanda kaunti ya pili. Ila niliwakuta katikati ya ubishi, na ubishi wa pale haukatizwi kwa sababu ya shida ya mtu.

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliong'olewa kwenye majukwaa ya uwanja wa shule yalipobomolewa, likawekwa nje ya duka la kadi la Vernon Dolak, hapa Brannock, Ohio, mji ambao kiwanda chake cha chuma kilizimwa kabla sijazaliwa na bado watu wanauliza kinafunguliwa lini. Jumamosi asubuhi, baada ya mechi ya shule ya Ijumaa, ndipo kijiwe kinapojaa. Kahawa inatoka duka la donati la jirani, kwenye chupa kubwa ya chai ya kubonyeza kichwani, na wanainywa kwa vikombe vya karatasi mpaka ibaki hewa. Mwenye duka tunamwita Plastiki, kwa kuwa kila kinachomfikia mkononi anakifungia kwenye kasha gumu linalopitisha mwanga. Inasemekana mkewe aliwahi kukimbilia kwa dada yake, akihofia naye atafungiwa. Mzee Rayford Tisdale ni Filimbi, alikuwa kocha msaidizi wa shule maisha yake yote na mpaka leo filimbi iko shingoni, hata kanisani. Wa tatu ni Hisa, Eugene Petrakis, muuza magari mstaafu ambaye sasa anaongea kana kwamba soko la New York linamsubiri aamke. Mimi wananiita Wakili, tangu niliposhinda mdahalo chuoni Columbus. Sisomi sheria, nasoma takwimu, lakini benchi likishakubatiza hakuna rufaa.

Shida yangu niliwaeleza waziwazi, nimesimama. Kaka yangu Delmar alipata kiharusi mwaka juzi, akiwa na miaka thelathini na moja. Mkono wa kulia ulilala na maneno mengine yakaondoka nao. Sasa mkono umeanza kuamka. Mtaalamu anayemfanyisha mazoezi hospitalini amesema tutafute mwandiko wake wa zamani, jina lake mwenyewe, aufuatishe kwa kalamu kila siku mpaka vidole vikumbuke njia. Herufi za kitabuni anazisukuma pembeni, anasema si zake. Tumepekua nyumba nzima. Daftari zake za shule zilioza mto ulipoingia kwenye chumba cha chini. Leseni, hati ya ndoa, hundi za benki, zote zina mkwaruzo tu. Mtu ambaye saini yake imesambaa nchi nzima hana jina lake nyumbani kwao.

Nikajiambia, nitaikosa wapi na Brannock nzima ilinunua kadi zake? Kadi ya chipukizi ndiyo ile inayotolewa mwaka wa kwanza mchezaji anapoingia ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi: picha yake, jina la timu, na ukilipa zaidi, saini yake chini. Watu wanainunua wakiomba dogo awe mkubwa. Delmar alikuwa dogo wetu. Kinyozi alinunua, mpishi wa shule alinunua, mchungaji alinunua na kuhubiri juu yake. Plastiki ndiye aliyewauzia wote.

– Kaa kwanza, Wakili, – alisema Plastiki. – Mimina kahawa. Tuko kwenye jambo zito. Hisa anataka kuuza.

– Sijasema nauza, – Hisa akasema. – Nimesema napima upepo.

– Unapima upepo umebeba boksi la kadi za Delmar kwapani?

– Boksi ni langu, kwapa ni langu, shida yako nini?

– Shida yangu ni kwamba kadi ya chipukizi yenye saini haiuzwi bei ikiwa chini. Haijawahi kushuka hiyo. Inapumzika tu.

– Imepumzika miaka kumi, Bwana Plastiki, – nikasema. – Kwenye somo letu hiyo tunaiita imekufa.

Filimbi alicheka kidogo, halafu akaniona usoni, akaacha.

– Tuanze na takwimu basi, – nikaendelea, maana nikishaanza huwa sijizuii. – Oktoba ya mwaka wake wa kwanza, wiki ile aliyokimbia na mpira kutoka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho mara mbili kwenye mechi moja, kadi ya Delmar iliuzwa mlangoni hapa kwa bei ya gari kuukuu linalotembea. Leo?

– Leo piza, – Hisa akasema.

– Piza kubwa, – Plastiki akamrekebisha.

– Piza kubwa isiyo na nyama, – akasema Filimbi. – Juzi nimeona moja inauzwa kwenye simu.

– Nimefuatilia machipukizi wote walioingia ligi mwaka mmoja na yeye, – nikasema. – Kila aliyesaini. Karibu wote bei zao zilifika kileleni kabla hawajamaliza msimu wa kwanza, kabla hata hawajajua njia ya kwenda chooni kwenye uwanja wao. Baada ya hapo ni mteremko. Anayebaki juu ni mmoja, wawili, wale mnaowaona kwenye matangazo ya bima. Hoja yenu haina miguu.

– Takwimu zako hazina moyo, – Plastiki akasema.

– Na makasha yako yana moyo?

– Makasha yangu yana ulinzi.

Hisa aliweka boksi chini, akanyoosha vidole vitatu kama anavyofanya kila anapotaka kuuza kitu.

– Sikilizeni, wote wawili hamjui biashara. Kadi inasimama kwa mambo matatu. Afya ya mchezaji, pete ya ubingwa, na kashfa.

– Kashfa? – Filimbi akauliza.

– Kashfa ndogo. Si ya kuumiza mtu. Kijana afungwe miezi michache, atoke, aandike kitabu. Watu wanapenda mtu aliyetoka. Delmar kosa lake alikuwa mpole mno. Anaamka, anafanya mazoezi, anampigia mama yake simu. Nani atanunua hiyo?

– Kwa hiyo kaka yangu angeiba gari ungekuwa tajiri.

– Nasema kibiashara, Wakili. Usinikunjie uso.

– Gari angeliibia wapi, kwako? Yale magari yako hata mwizi alikuwa anarudisha.

Hapo walicheka wote, na Hisa naye, na kwa dakika moja benchi likawa lile ninalolijua tangu mtoto, nilipokuwa nakuja kumfuata Baba. Nisingejali kama tungebaki hapo.

– Tatizo la mji huu ni uhifadhi, – Filimbi akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala akilifikiria. – Wino ni kama mtindi. Ukipata joto unachacha. Mimi za kwangu zote ziko kwenye friji, rafu ya mayai.

– Na mkeo Loretta anasemaje? – Plastiki akauliza.

– Loretta ameweka soseji juu yake. Lakini baridi inapita.

– Unaharibu mali, mzee. Unyevu ule.

– Nimezifunga na mfuko wa mkate.

– Mtu amepewa kasha linalozuia jua, maji na risasi, anakwenda kuongeza mfuko wa mkate.

– Halizuii risasi hilo.

– Hujalijaribu.

– Nyie mnaongelea mayai, – Hisa akadakia, – mimi naongelea karne. Huu mpira wetu utapigwa marufuku. Nipe miaka mia. Watoto watasoma shuleni kwamba hapa Ohio watu wazima walikuwa wanalipa kiingilio kutazama vijana wakigongana vichwa makusudi, hawataamini. Watataka ushahidi. Na ushahidi ni nini? Kadi. Hapo ndipo itakapokuwa dhahabu.

– Miaka mia utakuwa wapi wewe? – Plastiki akauliza.

– Wajukuu.

– Wajukuu wako wanacheza mpira wa kikapu, – Filimbi akamwambia.

Niliangalia ng'ambo ya barabara. Gari letu la kijivu lilikuwa limeegeshwa mbele ya benki ya zamani, injini inawaka kwa ajili ya joto. Kichwa cha Delmar kilikuwa kimeegemea kioo. Alikataa kushuka. Anasema watu wa kwetu wanamtazama kama wanavyotazama benki iliyofilisika na fedha zao ndani, na kwa hilo hajakosea. Mwaka goti lake lilipoharibika na mpira ukaishia hapo, mwanamke mmoja alimsimamisha Mama kwenye foleni ya duka la vyakula akamwambia, mwanao amenikosesha paa la nyumba. Mama akamwomba radhi. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nataka kurudi kwenye ile foleni. Nani alimwambia kijana wa miaka ishirini na mbili kwamba yeye ndiye akiba ya uzeeni ya mji? Alisaini kazi ya kukimbia na mpira. Paa la mtu hakulisaini.

– Wakili, usiangalie gari, niangalie mimi, – Plastiki akasema, na akaivuta sauti chini kama mtu anayetoa siri nzuri. – Wewe unaona kiharusi ni balaa. Na ni balaa, nakubali, tunamwombea. Lakini fikiria soko. Mchezaji mzima anasaini kila siku. Maonyesho, hospitali, sherehe za watoto. Saini zinazidi, bei inashuka. Huyu wetu hasaini tena. Mkono umefungwa, ghala limefungwa. Zilizopo ndizo hizo hizo mpaka mwisho wa dunia. Ndiyo maana nasema usiuze sasa.

– Umesikia ulichosema?

– Nimesema ukweli wa bei.

– Umesema ni bahati njema kwako kwamba kaka yangu hawezi kushika kijiko.

– Sijasema hivyo.

– Umesema hivyo kwa maneno ya dukani.

Hisa alikohoa. Angenyamaza, tungekwenda nyumbani na heshima kidogo. Lakini Hisa akiona hoja ya mwenzake imepanda, lazima apande juu yake.

– Plastiki ana nusu ya ukweli, – akasema. – Nusu nyingine hajaithubutu. Ghala halijafungwa kabisa. Mkono unaamka, si ndivyo binti alivyosema? Atafanya mazoezi, kesho atasaini tena, zitatoka saini mpya mbovumbovu, zitachafua zile za zamani. Kinachofunga ghala moja kwa moja ni kimoja tu. Mimi nimeona kwa wachezaji wengine. Mtu akiondoka, wiki ile ile bei inaruka. Samahani, Wakili. Nasema kibiashara tu.

– Sema, usiombe samahani, – nikamwambia. – Yuko ndani ya gari lile. Nenda kamgongee kioo umuulize anakusudia kuondoka lini, ujue uuze au usubiri.

Wote watatu walitazama gari. Halafu wakatazama vikombe vyao. Sikuwa napiga kelele. Chuoni tunafundishwa kwamba anayepiga kelele ameshindwa, na sikutaka kumpa Hisa hata hilo.

Nimechoka kusema kwamba wazee hawa si watu wabaya. Filimbi ndiye aliyempeleka Delmar mechi za mbali kwa gari lake baba yetu alipokuwa mgonjwa. Plastiki alileta viti kwenye msiba wake. Hisa alimuuzia Mama gari kwa hasara, na gari lenyewe lilitembea. Wote walimpenda. Ndiyo maana ilinikera zaidi. Wangekuwa wageni ningewaelewa.

Nikamgeukia Filimbi.

– Kocha, mimi nilikuja kwako hasa. Wewe unayo ile ya ukumbi wa mazoezi.

Filimbi alianza kuikagua kamba ya kiatu chake.

– Ile ya kiangazi alichorudi kutoka msimu wa kwanza, – nikasema. – Alikaa na wewe ukumbini baada ya watoto kuondoka, ukatoa kadi yake ya kawaida, isiyo na saini ya kiwandani, ukamwambia andika jina lako lote kama Babu Eustace alivyokufundisha, usiniletee mkwaruzo. Mama anaisimulia kila Krismasi. Delmar Eustace Mabry. Majina yote matatu, kalamu nyeusi. Naomba niipige picha tu, Kocha. Dakika moja. Sitaitoa hata kwenye mfuko wa mkate.

Filimbi akaifungua kamba, akaifunga upya.

– Iko kwenye friji? – nikauliza.

– Ipo, – Filimbi akasema.

– Basi twende kwako.

– Kadi ipo, – akasema. – Jina halipo.

Nilidhani sijasikia vizuri.

– Halipo vipi?

Aliangalia upande wa Plastiki. Plastiki akaanza kupanga vikombe.

– Mwambie, Vernon, – Filimbi akasema. – Wewe ndiye unayejua kulielezea.

– Ni mambo ya kawaida ya kadi, – Plastiki akasema. – Kampuni zinazokagua kadi na kuzipa alama za ubora hazitambui saini isiyo na shahidi. Kwao ile si saini. Ni kadi nzuri iliyochafuliwa na kalamu. Ile ya Kocha pembe zake zilikuwa kali, katikati safi, ingepata alama ya juu kabisa kama si lile... kama si maandishi. Nilimshauri tu.

– Ulimshauri nini?

– Aisafishe.

– Shahidi yupi walimtaka? Kocha alikuwa amekaa naye benchi moja, magoti yanagusana.

– Shahidi wa kampuni, Wakili. Mwenye kitambulisho.

– Kwa hiyo jina alilomwandikia mtu aliyemlea ni uchafu. Mkwaruzo alioupiga mbele ya katoni, na mtu asiyemjua amesimama na saa mkononi, huo ndio mali.

– Sikuandika sheria mimi.

– Ulizitekeleza lakini.

Filimbi aliongea kwa sauti ndogo, na aliongea na mimi, si na wao.

– Ilikuwa Februari. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha Loretta. Vernon alisema ikipata alama kumi tutaziba lote. Nikachukua pamba na spiriti. Nilidhani litatoka mara moja, kumbe linatoka polepole. Mabry ilitoka kwanza. Delmar ikafuata. Eustace ilikataa kabisa, ile herufi ya kwanza. Nikasugua. Nikamwambia Loretta ni sharubati ilimwagika.

– Alama wakakupa ngapi?

– Hawakunipa. Waliirudisha. Waliandika imechezewa.

Hisa alivua kofia, akaivaa tena. Hata yeye hilo hakuwa analijua.

– Huenda kalamu iliacha mfuo, – nikasema. Nilisikia sauti yangu ikiharakisha. – Ukiilaza kwenye mwanga wa pembeni.

– Ilikuwa kalamu ya wino, nyororo. Nimeitazama na tochi, mama. Siku nyingi nimeitazama na tochi.

Aliniita mama, kama wanavyowaita watoto wa kike wakitaka wasilie. Sikulia. Nilikuwa na maneno tayari, nayo yalikuwa mabaya na ya kweli, na nilikuwa nimeshafungua mdomo Plastiki aliponyanyuka haraka akaingia ndani. Alirudi na trei. Akaipanga juu ya benchi, kadi baada ya kadi, kila moja ndani ya kasha lake: Delmar akikimbia, Delmar akiruka, Delmar ameshika kofia ngumu kiunoni akicheka na mtu aliye nje ya picha. Chini ya kila mmoja palikuwa na saini.

– Haya, – akasema. – Hakuna aliyekunyima. Hizi zote ni halali, zina shahidi, zina muhuri. Chagua unayotaka, piga picha bure.

Nilizipitia. Nilizipitia zote, na kila moja nilitamani iwe tofauti na iliyopita. Ilikuwa kitu kama ndoano ya kuvulia samaki, mkia mrefu, halafu namba ya jezi yake, ishirini na nane. Ndoano, mkia, ishirini na nane. Namba ndiyo pekee iliyoandikwa ikaeleweka.

Hatukusikia mlango wa gari. Tulichosikia ni mguu wake wa kulia, unavyokwaruza lami kidogo kabla haujakanyaga. Delmar alikuwa ameshavuka barabara, koti wazi, maana zipu bado haiwezi, na pumzi inatoka nyeupe.

– Wazee, – akasema.

Filimbi alisimama wima kama wimbo wa taifa umeanza. Hisa alisukuma boksi lake kwa kisigino mpaka likaingia chini ya benchi.

– Delmar, mwanangu, – Plastiki akasema. – Umenenepa. Vizuri.

– Dada anachelewa, – Delmar akasema. Maneno yake siku hizi yanakuja moja moja, kama mtu anayepita mlango mwembamba na mizigo. – Nikasema... nije.

Akaziona kadi. Aliinama, akaichukua moja kwa mkono wa kushoto, ile ya kucheka. Aliitazama picha muda mrefu, na uso wake ukafunguka.

– Nilikuwa na shingo, – akasema.

Tulicheka. Filimbi alicheka na macho yamejaa. Halafu Delmar akashusha kasha kidogo, akalisogeza karibu, kidole gumba kikapita juu ya plastiki, pale chini ya picha.

– Inasema nini?

– Ndiyo wewe huyo, bwana, – Plastiki akasema. – Saini yako.

– Najua yangu. Inasema nini?

Alimgeuzia Hisa kasha. Hisa alivaa miwani, akalishika kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa na boksi zima la mkwaruzo ule, aliyeubeba kwapani asubuhi hiyo hiyo, aliutazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

– Hii... D, – akasema. – Nadhani D.

– Na hii?

Hisa akampa Filimbi. Filimbi akaliinua kwenye mwanga, akaliinamisha, akalirudisha kwa Plastiki. Plastiki hakulitazama. Alibonyeza chupa ya kahawa juu ya kikombe chake na ikatoa hewa tu, akabonyeza tena.

Delmar alisubiri. Yeye siku hizi ana subira ya ajabu, ni hospitali iliyomfundisha. Kisha akanigeukia mimi, na nikaona anachofikiri kabla hajakisema.

– Jana nilisoma, Dessa. Nilisoma M. Nilisoma mpaka... kwenye kopo la supu. Leo imeondoka tena.

– Haijaondoka, – nikamwambia. – Si wewe, Del. Hiyo haisomeki. Hakuna anayeweza kuisoma, hata wao.

Hakuniamini, mimi ni dada yake, ni kazi yangu kumtetea. Akawatazama wao. Alimtazama Filimbi, akamtazama Hisa, akamtazama Plastiki, mmoja mmoja, akingoja mtu wa benchi aseme ni kweli, kijana, hata sisi hatujui inasema nini. Ilikuwa sentensi moja. Haikuwa na gharama yoyote, isipokuwa kwamba walikuwa wamewauzia watu wa mji mzima kile kitu kwa miaka kumi wakisema ni jina la mtu.

Hisa alitazama buti zake. Filimbi alishika filimbi yake. Plastiki alichukua kitambaa laini mfukoni, na taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayejali mali, akaanza kufuta alama za vidole vya kaka yangu kwenye kasha.

Nilimshika Delmar mkono, ule wa kulia, tukavuka barabara. Njia nzima alikuwa anasoma mabango kwa sauti ili ajihakikishie. Benki. Kinyozi. Inapangishwa. Yote aliyapata.

Sasa nakueleza wewe, maana wao nimemalizana nao. Siku ile saini zilipochukuliwa nilikuwepo, nina miaka kumi, hotelini, meza imejaa katoni za karatasi za stika. Wachezaji hawasaini kadi zenyewe. Wanasaini stika, kiwanda kinazibandika baadaye. Kazi yangu ilikuwa kumgeuzia karatasi. Karatasi ya kwanza Delmar aliandika jina lake lote kwenye kila stika, majina matatu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama yuko darasani. Mtu wa kampuni akatazama saa akasema, safi sana, ila kwa mwendo huu tutalala hapa. Eustace iliondoka kwenye karatasi iliyofuata. Kufika chakula cha mchana Mabry ilikuwa mstari. Jioni ilibaki ndoano na namba, na mkono haukurudi nyuma tena, hata kwenye leseni, hata siku ya harusi yake, isipokuwa mara ile moja ukumbini kwa Kocha.

Lakini karatasi ya kwanza haikutupwa. Zile stika zilibandikwa kwenye kadi kama nyingine, zikachanganywa kwenye maboksi, zikauzwa. Ziko mahali. Huenda iko kwako, kwenye droo, au kwenye friji, unasubiri ipande bei.

Kama unayo kadi ya chipukizi ya Delmar Mabry, itoe uitazame chini ya picha. Ukikuta jina limeandikwa lote na linasomeka, lipige picha unitumie. Kadi baki nayo.